Korongo la Mwalimu Mazigo

Kunifanya niwe mpiga kinanda kuligharimu majogoo matatu, madebe mawili ya mpunga wa Magu, usingizi wa majirani wote wa mama yangu, na kidole kimoja cha mkono wa kulia ambacho mpaka leo hakinyooki asubuhi bila kupashwa moto kwenye kikombe cha chai. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilikisahau kidole.

Naanza na gharama kwa sababu nyinyi vijana mnaokuja hapa kwangu Igoma mna swali moja tu: "Mwalimu, nitajua kupiga baada ya muda gani?" Mkinunua simu mnauliza imetoka wapi, kama ni feki, kama ina waranti. Mkija kwa mwalimu hamuulizi yeye ametoka wapi. Sasa mimi nimestaafu kazi za nje, nafundishia nyumbani tu, mgongo umekataa viti visivyo na egemeo, kwa hiyo nitawaambia bila kuulizwa.

Mimi nilifundishwa na Mzee Nkwabi wa Magu. Mzee Nkwabi alifundishwa na Mwalimu Mazigo, katekista wa Ukerewe. Mwalimu Mazigo alifundishwa na sista mmoja mgeni aliyekuja na kinanda chake melini, kimefungwa kwa blanketi kama mgonjwa. Sista alifundishwa na nani, hilo alirudi nalo kwao. Na mimi nimefundisha wengi. Baadhi hunisalimia njiani, baadhi huvuka barabara wakiniona kwa sababu ada haijaisha. Leo nataka kuwasimulia habari ya mmoja tu, Shija, dereva wa bodaboda, na marahaba aliyokuwa anaitafuta.

Katika ukoo wetu wa kinanda hakuna cheti. Kuna marahaba. Mtu akishaiva, mwalimu wake humpeleka kwa mwalimu wa mwalimu, yaani kwa babu yake wa kinanda. Akifika anasalimia kwa mdomo kama kila mtu na anajibiwa kama kila mtu. Halafu anakaa kwenye kinanda na kusalimia kwa vidole: wimbo mmoja wa kanisani, beti tatu. Mzee akitosheka anasema "Marahaba", na kuanzia hapo unaweza kufungua darasa lako. Asipotosheka ananyamaza, kisha anakuuliza habari za mvua. Ukiulizwa habari za mvua, kachukue mfuko wako.

Msiniulize kwa nini mwalimu wako mwenyewe asikupitishe. Pale sokoni mnamwachia muuza sangara peke yake aseme kama samaki ni wa leo?

Shija alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa ya haki. Mguu wake wa kulia una chuma tangu lori la pamba lilipomsukuma mtaroni, na daktari alimwambia pikipiki na mvua aviache kabla havijamwacha yeye. Wakati huohuo kwaya moja ya Buhongwa ilikuwa imempoteza mwalimu wake wa kinanda, kahamia Dodoma. Kinanda kimefunikwa kitambaa, watoto wanasubiri darasa, mshahara mdogo lakini upo kila mwezi. Mwenyekiti wa kwaya, mama mmoja muuza mchele, alimpenda Shija siku ya kwanza. Ila alimwambia, "Mwanangu, marahaba kwanza. Mimi gunia lisilopita kwenye mzani silipakii."

Na babu yake wa kinanda alikuwa mmoja tu duniani, Mzee Nkwabi, ambaye umri wake hata wanawe wanaubishania. Akiondoka bila kujibu, Shija hana babu mwingine wa kumwendea. Atarudi barabarani na chuma chake mguuni.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana bila hili hamtaelewa yaliyotokea Magu.

Mimi sikujifunzia kwenye kinanda. Nilijifunzia kwenye ubao wa mninga. Kinanda cha Mzee Nkwabi kilikuwa kile cha kukanyaga kwa miguu, na tulikuwa wanafunzi wengi, kwa hiyo kila mmoja alichorewa vibao vyake kwa mkaa juu ya kipande cha ubao akaambiwa akafanye mazoezi nyumbani. Ubao haulii. Unabonyeza kidole na kuimba mwenyewe: do, re, mi. Mama yangu alivumilia wiki mbili, kisha akamuuliza Mzee kama ipo dawa. Lakini nawaambia, ubao ni mwalimu mkali. Kinanda cha umeme kitakudanganya, kitakupamba, kitakupigia na ngoma. Mimi nilipogusa kinanda cha umeme kwa mara ya kwanza ilikuwa kwenye misa ya mazishi, na kiwiko changu kikaangukia kitufe kimoja chekundu. Marehemu alisindikizwa na rumba mpaka mlangoni. Wajane wake wawili, waliokuwa hawasalimiani, walitazamana na kucheka, na familia ikanilipa zaidi ya tulivyopatana. Sikurudisha chenji.

Turudi kwenye ubao. Pale katikati, kulia kwa sol, kuna kibao cha la. Mzee Nkwabi alikichora kama vingine, lakini alitufundisha kukiruka. Wimbo ukifika hapo, mkono wa kulia unanyanyuka, haugusi kitu, na kidole gumba cha mkono wa kushoto kinachukua la ya chini. Sauti inatoka kama mtu aliyeitwa sebuleni akajibu kutoka jikoni.

Nilimuuliza, "Baba, kwa nini tunaruka?"

"Hapo pana korongo," akasema.

Basi. Nikajua vinanda vyote duniani vina korongo mahali hapo. Kwenye kinanda chenyewe kibao kile kilikuwepo, kinang'aa kuliko wenzake kwa kutoguswa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujaribu kukibonyeza. Watoto wa siku zile tuliambiwa kitu tukakaa nacho. Nyinyi mngekibonyeza siku ya kwanza, mkakirekodi.

Nilipoiva, Mzee akanipeleka Ukerewe kwa babu yangu wa kinanda. Mwalimu Mazigo alikuwa mfupi, haoni tena, amekaa ananipa mgongo na kutazama ziwa ambalo hakuliona. Kinanda chake kilikuwa kimeshakufa kabisa, kwa hiyo tulivuka na cha Mzee kwenye kivuko, kikilipiwa nauli kama ng'ombe. Nikapiga. Ubeti wa kwanza haujaisha, nimefika tu kwenye korongo, nimenyanyua mkono, mzee yule akasema, "Marahaba." Wengine walikuwa wakingojea beti zote tatu! Nilivimba kichwa kiasi kwamba wakati wa kurudi sikumsaidia mtu kubeba kinanda.

Miaka ikapita, nikafundisha korongo kwa bidii zote. Mpaka nilipoajiriwa na Mama Zarina.

Mama Zarina na mumewe walikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini, na juu ya duka walikuwa na piano. Piano ya kweli, nyeusi, ya urithi, ambayo babu yao aliileta wakati mji wenyewe una barabara za kuhesabu kwa vidole. Nilipewa kazi ya kumfundisha Zarina, binti wa miaka kumi. Mwezi wa pili naingia sebuleni, nakuta piano imefunguliwa tumbo, vyuma viko juu ya zulia, na fundi mmoja amepiga magoti.

"Mama, kuna nini?" nikauliza.

"Kibao kibovu, mwalimu," akasema Mama Zarina. "Hiki hapa. Sijakuona unakigusa tangu uje, na mtoto naye hakigusi. Nikasema mwalimu ana aibu kusema kitu cha watu kibovu."

Fundi akatoa kichwa. "Mama, piano ni nzima. Ningekuwa mwizi ningekuambia mbovu."

Wakanigeukia wote, na Zarina naye.

"Mwalimu," akasema Mama Zarina taratibu, "hebu bonyeza."

Nikabonyeza. Ikalia. Laaa, safi, tamu, katikati ya wenzake. Nilishtuka kama mtu aliyegonga mlango wa nyumba tupu kwa mazoea akasikia "Karibu".

"Kumbe nzima," nikasema.

"Nzima tangu enzi za baba mkwe," akasema. "Sasa fundi namlipa nani?"

Alitaka kukata malipo yote ya fundi kwenye mshahara wangu. Nikamwambia mimi sikumwita fundi. Akasema nilimwita kwa vitendo. Tulivutana mpaka chai ikapoa, tukagawana nusu kwa nusu, na mimi nikaongezewa sambusa sita za kufungasha kwa sababu ya aibu niliyopata mbele ya mwanafunzi.

Kuanzia hapo nikawa na kazi ya kumfundisha upya mkono wangu mwenyewe. Ukifika kwenye la, kidole kinagoma kama ng'ombe mbele ya daraja. Unakivuta, kinakaa chini. Ndicho hicho kinachohitaji chai asubuhi. Lakini nikashinda, na nikaapa kwamba hakuna mwanafunzi wangu atakayeaibishwa sebuleni kwa watu. Nililifukia korongo lile kama mkandarasi. Wote waliofuata, pamoja na Shija, wanapiga la kama watu wazima.

Na mwaka huu ndipo nikampeleka Shija Magu, wa kwanza kumpeleka tangu nilifukie korongo.

Tulichukua jogoo, sukari kilo tano na khanga ya mkwe wa Mzee anayemtunza. Shija alikuwa amevaa shati la harusi yake. Njiani alikuwa anapiga vidole juu ya goti lenye chuma. Mwenyekiti wa Buhongwa alikuwa ameshampigia simu mara mbili: kuna kijana mwingine kutoka Shinyanga anaiulizia nafasi.

"Shikamoo babu," akasema Shija.

"Marahaba, mjukuu. Karibuni." Mzee akamgeuza jogoo. "Huyu wa kisasa."

"Wa kienyeji, baba," nikasema.

"Wa kienyeji hasimami hivi. Huyu kazoea kuletewa."

"Baba, nimemlipia kama wa kienyeji."

"Basi umeibiwa. Ingieni."

Shija akakaa kwenye kinanda kilekile cha kukanyaga. Mguu mbovu ulimsumbua kidogo kwenye pedali, kisha akatulia. Nisiwafiche, alipiga vizuri kuliko nilivyomfundisha. Beti tatu, hakuna mahali alipojikwaa, na kila la ikalia ilipotakiwa. Mkwe wa Mzee aliacha kuchambua mchele akasimama mlangoni.

Mzee Nkwabi akakaa kimya. Akakuna kidevu.

"Mvua huko Igoma zikoje?" akauliza.

Shija akanitazama kama abiria ambaye pikipiki imezima katikati ya maji.

"Baba," nikasema, "hajakosea hata mahali pamoja."

"Ndiyo. Nimesikia."

"Sasa?"

"Huyu kafundishwa na simu."

"Nimemfundisha mimi!"

"Basi wewe ulifundishwa na nani?"

Swali hilo nililikwepa. Halafu, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nikaanza kupatana. "Baba, kijana ana kazi inamsubiri. Mguu wake unauona. Tukirudi Jumamosi na mbuzi?"

"Marahaba haina bei, binti," akasema. "Ingekuwa nayo ungeshanipunguzia."

Mimi nina wajukuu na yeye ananiita binti. Shija ndiye aliyetuokoa. Alishuka kwenye kiti akachuchumaa mbele ya Mzee, mguu mmoja umenyooka.

"Babu, nimekosea wapi?"

"Hukuruka."

"Kuruka nini?"

Mzee akanitazama. Sijapata kutazamwa hivyo tangu nivunje mtungi wa shangazi. Ikabidi nieleze yote, korongo, piano ya Mama Zarina, fundi, hadi sambusa. Nikamaliza kwa kusema, "Baba, kile kibao ni kizima. Kwenye vinanda vyote ni kizima. Hata hicho chako."

"Najua."

"Unajua?"

"Kinanda cha Mwalimu Mazigo ndicho kilicholiwa na panya. Kibao kile kilikuwa kinapumua tu, hakilii. Mimi ndiye niliyekuwa nawafukuza hao panya. Nilinunua hiki changu kikiwa kizima, na kizima kipo."

"Sasa kwa nini ulituambia pana korongo?"

Mzee akakitazama kinanda. Mkwe wake alirudi kwenye mchele, lakini hakuwa anachambua tena.

"Mwalimu hakuacha mtoto," akasema. "Hakupigwa picha hata moja. Nyumba ilianguka. Kaburi lake lilikuwa karibu na maji, na ziwa lilipojaa ule mwaka likapita nalo. Nikienda Ukerewe leo sina mahali pa kusimama. Lakini nikifika pale kwenye la, mkono huu ukinyanyuka," akaunyanyua, "namwona anavyonyanyua wake. Hapo tu. Kwingine kote wimbo ni wa watu wote."

Mimi nilikuwa nalihesabu darasa langu lote la miaka hii, kichwa kwa kichwa, wale niliowafukia korongo.

Shija akarudi kwenye kiti. "Nielekeze, babu."

Jamani, kulikuwa na vurugu. Mtu aliyezoea barabara iliyonyooka ukimwambia aruke, anaruka mahali pasipohusika. Mkono wa kulia ulikataa kunyanyuka, wa kushoto ukaja kuusaidia, ikagongana, kinanda kikatoa mlio ambao jogoo wetu aliujibu kutoka nje. Mzee alicheka mpaka akakohoa, na mkwe akakimbia na maji.

"Tena," akasema Mzee, ndevu zinachuruzika.

Tena vilevile. Mara ya tatu akasogeza kigoda, akaweka mkono wake mkavu juu ya mkono wa Shija. "Ukilikaribia korongo usiliogope. Achia huu kabla hujashika ule."

Shija akasimamisha vidole. "Ahaa. Klachi."

"Nini?"

"Klachi, babu. Unaachia huku unashika huku. Ukivishika vyote pamoja pikipiki inakutupa."

"Sijui unasema nini," akasema Mzee, "lakini fanya."

Akaanza upya. Ubeti wa kwanza alijikwaa. Wa pili, kwenye la ya kwanza, mkono wa kulia ukanyanyuka, ukaelea, na ile sauti ya chini ikajibu kutoka jikoni. Hata hakumaliza mstari.

"Marahaba," akasema Mzee Nkwabi. Macho alikuwa ameyafumba. "Marahaba, mjukuu wangu."

Nikaikumbuka Ukerewe, na yule kipofu aliyenijibu mapema. Nilikuwa nimejisifia kitu kisicho changu kwa muda mrefu sana.

Shija sasa yuko Buhongwa. Kitambaa kimetolewa juu ya kinanda, pikipiki ameiuza kwa bei ambayo ningekuwepo isingekuwa ile. Jumapili iliyopita baada ya ibada alinifuata nje.

"Mwalimu, watoto nao niwafundishe kuruka au nisiwafundishe?"

Nikamwambia nitamjibu, kama ninavyomwambia muuzaji nikiwa sina jibu wala hela. Nikisema waruke, kuna siku mmoja atakaa mbele ya piano ya watu na fundi ataitwa. Nikisema wasiruke, Mwalimu Mazigo atapotea mara ya pili, na safari hii ziwa halihusiki. Nimejaribu kwa mtoto mmoja kumfundisha njia zote mbili kwa pamoja. Akawa anasita kila noti kana kwamba kila mahali pana shimo, mama yake akamhamishia kwenye karate.

Na hapa kwangu kuna binti mpya, mjukuu wa jirani, ana vidole vyepesi na hana subira. Kesho saa kumi anakuja, na somo la kesho ndilo linalofika kwenye la. Atakinyooshea kidole kile kibao na kuuliza kinafanya nini. Nyinyi mmesoma kunizidi na hamna mazoea ya zamani ya kuwavuta shati. Nimwambie nini? Nipeni ushauri wenu kabla ya saa kumi, na tafadhali msiseme nimwachie achague mwenyewe, kwa sababu hilo nimeshaliwaza na nimelikataa.